Juu ya Kusoma Hadithi za Dola za Kale

Msomaji mpenzi, kama umepata kufika Laare, katika nchi ya Igembe, wajua kwamba mchana wa mji ule hauna utulivu. Miraa huchumwa, huteuliwa, hufungwa kwa majani ya migomba, kisha magari yaichukuayo huondoka mbio kama yaliyofukuzwa, kwa maana bidhaa ile ikinyauka haina mnunuzi. Lakini jioni, baridi ya milima ya Nyambene ishukapo na kelele za soko zinyamazapo, huja saa nyingine. Ndipo kijana aliyekuwa na kitabu hukaa karibu na taa, akakifungua, akaondoka Laare bila ya kuinuka kitini. Insha hii yamhusu kijana huyo. Yaani yakuhusu wewe.

Nataka kusema nawe juu ya aina moja ya kitabu, nayo ni hadithi iliyotungwa juu ya watu wa zamani, hasa watu wa dola ambazo hazitajwi mara nyingi darasani. Nitajaribu kukuonyesha kwa nini hadithi za namna hii huburudisha moyo, kisha nikuonye jinsi ziwezavyo kuipotosha akili. Mwisho nitakurudisha nyumbani, maana huko Nyambene ulikozaliwa iko hadithi ya kale ambayo watu wa mbali wameiandikia vitabu, na huenda wewe hujaisikia hata mwisho wake.

Kwanza usidhani kwamba kupenda habari za nchi za mbali na zama za mbali ni tabia iliyoletwa na shule. Mwaka 1728, katika kisiwa cha Pate, Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka kwa ombi la mfalme wa mji ule. Utendi huo una beti zaidi ya elfu moja, na habari zake ni za vita baina ya Waislamu wa kwanza na Herekali, kaisari wa Rumi ya mashariki, aliyetawala tangu mwaka 610 mpaka 641. Mtunzi alikuwa mbali na vita hivyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Tena wanahistoria watuambia kwamba safari ya Tabuk ya mwaka 630 ilikwisha bila ya majeshi mawili kukutana. Walakini mtunzi aliichukua safari ile, akaijaza farasi na panga, nyuso za mashujaa na vilio vya wajane, hata wasikilizaji wakaona kama kwamba vumbi la vita limetanda mbele ya macho yao. Basi, miaka mingi kabla ya shule ya kwanza kujengwa Meru, Kiswahili kilikuwa kimekwisha zoea kusafiri katika dola za kale.

Raha ya safari hiyo yatoka wapi? Jibu moja ni kwamba mtu huchoka kuwa mahali pamoja na zama moja. Lakini iko sababu nyingine, nayo yahusu dola zisizojulikana sana kuliko zile zijulikanazo. Asomaye hadithi ya Julius Caesar ajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba bwana yule ataanguka kwa visu vya watu aliowaamini. Asomaye habari za Misri azingojea piramidi kabla hazijatajwa. Lakini mpe mtu huyo huyo hadithi ya Meroe. Hajui nani atashinda. Hajui ni mungu yupi huapiwa, wala ni chakula gani huandaliwa mgeni. Kila ukurasa ni mlango usiojulikana wafungukia wapi.

Meroe ulikuwa mji kando ya mto Nile, katika nchi iitwayo sasa Sudan, nao ulikuwa makao ya wafalme wa dola ya Kush kwa karne nyingi mpaka karne ya 4 baada ya Kristo. Watu wake waliyeyusha chuma kwa wingi, na malundo ya taka za tanuri zao yangaliko hata leo. Walijenga piramidi, ndogo kuliko zile kubwa za Misri lakini nyingi. Walikuwa na maandishi yao wenyewe, ambayo mtaalamu Francis Llewellyn Griffith aliweza kuzitambua sauti za herufi zake kufikia mwaka 1911. Walakini hata sasa maana ya maneno mengi haijafumbuliwa. Fikiri jambo hilo, msomaji: twaweza kuyatamka maneno ya watu wale kwa vinywa vyetu, nasi hatujui tumesema nini.

Katika nchi ile walitawala pia malkia, na cheo chao kiliitwa Kandake. Karibu na mwaka 25 kabla ya Kristo majeshi ya Kush yalipigana na Warumi waliokuwa wameitwaa Misri. Strabo, mwandishi wa Kiyunani aliyeishi zama zile, aliandika kwamba malkia aliyewakabili Warumi alikuwa chongo. Na wataalamu wengi humtambua malkia huyo kwa jina la Amanirenas. Kisha mwaka 1910 mchimbuzi John Garstang alifukua, chini ya ngazi za jengo moja la ibada huko Meroe, kichwa cha shaba cha sanamu ya Augustus, kaisari wa Roma. Kilikuwa kimekatwa katika sanamu yake na kuzikwa mlangoni, hata kila aingiaye amkanyage kaisari kwa unyayo wake. Sasa kimo katika jumba la makumbusho la Uingereza, mjini London, na macho yake yangali yakikodoa.

Hapa ndipo kazi ya mwanahistoria iishapo na ya mtunzi ianzapo. Mwanahistoria aweza kusema: kichwa kilizikwa hapa, na vita vilikuwa wakati huu. Hawezi kusema ni nani aliyekibeba, kama alicheka au aliogopa, wala mama yake alimwambia nini aliporudi nyumbani. Mtunzi ndiye asemaye hayo. Naye, akiwa mtunzi mwema, husema kama ajengavyo mjenzi wa nyumba ya miti na udongo. Wewe umeiona nyumba hiyo ikijengwa. Kwanza husimamishwa nguzo, tena nguzo hizo sharti ziwe za mti wa kweli, zichimbiwe chini. Kisha hufungwa fito. Mwisho hukandikwa udongo, hata nguzo zisionekane tena. Habari zilizothibitika ni nguzo. Mawazo ya mtunzi ni udongo. Nyumba isiyo na udongo huingiza baridi, hapana apendaye kulala ndani yake. Lakini nyumba ya udongo bila ya nguzo hubomoka mvua ya kwanza.

Sasa nifike kwenye onyo. Kama udongo hufunika nguzo nzuri, waweza pia kufunika nguzo zilizooza. Nitakupa mfano mmoja mashuhuri. Mwaka 1885 Mwingereza H. Rider Haggard alitoa hadithi iliyopendwa sana, na mwaka 1929 ikachapishwa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Suleimani. Vijana wengi wa Afrika ya Mashariki, kizazi baada ya kizazi, waliisoma shuleni. Nami sitakudanganya: ni hadithi tamu. Kuna jangwa la kuvuka, kuna mfalme dhalimu na mrithi aliyejificha, kuna ajuza mwenye kutisha, na kuna pango ambalo mlango wake wa jiwe hushuka polepole nyuma ya wageni. Aliyeianza usiku mara nyingi aliikuta alfajiri.

Lakini tazama nguzo zake. Ndani ya hadithi ile wenyeji wana barabara kuu iliyochongwa katika miamba, na sanamu kubwa za mawe; walakini mtunzi adokeza kwamba kazi hizo zilifanywa na wageni wa zamani waliotoka kaskazini, si na wazee wa watu wakaao pale. Mwafrika wa hadithi ile aweza kuwa shujaa, aweza kuwa mfalme, lakini hawezi kuwa mwashi. Wazo hilo Haggard hakulibuni peke yake. Lilikuwa limetanda katika fikira za watu wa zama zake, hasa juu ya magofu makubwa ya Zimbabwe.

Mwaka 1871 msafiri Mjerumani, Karl Mauch, alifika kwenye magofu yale. Aliona kuta zilizojengwa kwa mawe yaliyopangwa bila ya chokaa wala saruji, na ukuta mmoja unafikia kimo cha meta 11. Alikata kibanzi cha mti uliokuwa juu ya mlango, akakinusa, akaona wafanana na mti wa kalamu yake ya risasi. Kalamu yake ilikuwa ya mwerezi. Basi akaamua kwamba ule ulikuwa mwerezi wa Lebanoni, na kwamba jumba lile lilikuwa la Malkia wa Sheba. Kumbe ulikuwa mti wa Afrika uotao katika nchi ile ile. Ona jinsi kibanzi kimoja na pua moja vilivyotosha kuwapokonya watu kazi ya mikono ya babu zao.

Wataalamu waliochimba kwa uangalifu walisema vingine. David Randall-MacIver alichunguza mwaka 1905, akasema magofu yale ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929, mwaka ule ule ambao hadithi ya Haggard ilichapishwa kwa Kiswahili, Gertrude Caton-Thompson alichimba tena, akathibitisha neno hilo kwa ushahidi ulio imara zaidi. Leo twajua kwamba mji ule ulistawi kati ya karne ya 11 na ya 15, ukajengwa na wazee wa Washona, ukafanya biashara ya dhahabu na pwani yetu. Imepatikana hata sarafu ya Kilwa huko Zimbabwe, yenye jina la sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala Kilwa mwaka 1331. Dhahabu ilishuka Sofala, ikapanda majahazi, ikafika Kilwa. Hapana haja ya mfalme wa mbali wala malkia wa ajabu kuyaeleza mambo haya.

Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya 1929 serikali ya walowezi katika nchi iliyoitwa Rhodesia haikutaka kuusikia ukweli huo ukisemwa kwa sauti. Peter Garlake, mtaalamu aliyehusika na magofu, aliondoka nchini mwaka 1970 kwa sababu ya ugomvi juu ya jambo hilo. Kwa nini watu wazima, wenye bunduki na sheria, waogope mawe? Kwa sababu walijua kwamba mtu aliyeambiwa tangu utoto kwamba wazee wake hawakujenga kitu, ni rahisi kumwambia ukubwani kwamba hawezi kutawala kitu. Nchi ile ilipopata uhuru mwaka 1980, ilijiita kwa jina la magofu yale, na ndege wa jiwe aliyepatikana humo akawekwa katika bendera. Hivyo watu walidai kwanza uashi wao pamoja na nchi yao.

Je, nakuambia uichome moto hadithi ya Haggard? Hasha. Mwenye kuchoma kitabu hajakijibu. Nakuambia uisome, uifurahie, kisha uiulize maswali matatu. Na maswali hayo hayo uyaulize kila hadithi ya mambo ya kale, iwe imeandikwa na mgeni au na ndugu yako.

Swali la kwanza: nguzo ni zipi? Yaani katika yote niliyoyasoma, ni yapi yaliyothibitika kwa maandishi, kwa vitu vilivyochimbuliwa, au kwa masimulizi ya watu wengi wasioshauriana. Na ni yapi yaliyokandikwa na mtunzi? Swali la pili: nani aliyepewa akili katika hadithi hii, na nani aliyepewa mshangao tu? Katika hadithi nyingi za kale wako watu wanaopanga, wanaojenga na wanaoshinda, na wako wengine ambao kazi yao ni kukodoa macho. Swali la tatu: watu wakiamini hadithi hii, nani atafaidika? Swali hili ni chungu kidogo, maana mara nyingine jibu lake ni mimi mwenyewe.

Sasa, msomaji, turudi Laare tukayatumie maswali hayo nyumbani. Wazee wa Meru wamesimulia tangu zamani kwamba babu zao walikaa mahali palipoitwa Mbwaa, karibu na maji makubwa. Wakaja watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, wakawatia utumwani. Mabwana hao, wakitafuta sababu ya kuwaangamiza, waliwapa watumwa mitihani isiyowezekana. Walisema: tuleteeni kiatu cha ngozi chenye manyoya juu na chini. Wakashauriana, na mwenye hekima akawaonyesha ngozi ile ining'iniayo chini ya shingo ya ng'ombe, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Walisema: tuleteeni mbwa mwenye pembe. Wakatwaa pembe za mnyama mdogo wa porini, wakazishikiza kichwani mwa mbwa. Walisema: toeni tunda lililo ndani ya shimo refu, bila ya kulichoma wala kulifikia kwa mkono. Wakamimina maji shimoni mpaka tunda likaelea likafika juu. Mwisho mabwana wakasema: fueni mkuki ufikao mbinguni. Hapo wazee walitambua kwamba mtihani huu hauna jibu ila moja, nalo ni kuondoka.

Wakaondoka usiku, wakiongozwa na mtu ambaye wengi humwita Koome Njue. Walipofika majini, wasema wazee, aliyapiga maji kwa fimbo yake, yakatengana. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri mbingu ikiwa nyekundu wakaitwa Ntune. Waliovuka jua limekwisha toka wakaitwa Njeru, weupe. Na mpaka leo koo za Wameru huhesabiwa kwa rangi hizo tatu. Mtu wa Igembe akikutana na mtu wa Imenti, aweza kumwuliza wazee wake walivuka saa gani.

Niambie kweli: je, hadithi hii yashindwa na ile ya mashimo ya Suleimani? Ina mabwana katili, ina vitendawili vya kufa na kupona, ina kuvuka maji usiku. Kilichokosa ni kuandikwa na mtunzi hodari kwa ukamilifu wake.

Lakini haki ni haki: na hadithi hii nayo tuiulize maswali yetu. Nguzo zake ni zipi? Padre Mwitalia, Bernardo Bernardi, aliyeandika juu ya Mugwe, kiongozi wa ibada wa Wameru, alitoa kitabu chake mwaka 1959, na ndani yake masimulizi ya Mbwaa yamo. Baadaye Jeffrey Fadiman aliwasikiliza wazee wengi, akatoa vitabu mwaka 1982 na 1993. Kwa kuhesabu marika, kuvuka kule kumekisiwa kuwa karibu na mwaka 1700. Na wako waliodhani Mbwaa palikuwa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Huko Manda, Neville Chittick alianza kuchimba mwaka 1966, akafukua mji wa Waswahili ulioanza katika karne ya 9. Basi, kwamba palikuwa na miji ya pwani yenye mabwana na watumwa, ni nguzo iliyochimbiwa vyema. Kwamba Mbwaa ndiyo Manda, hiyo ni fito iliyofungwa kwa kamba. Yaweza kushika, yaweza kulegea. Na maji yaliyotengana kwa fimbo? Wako wasemao kwamba sehemu hiyo yafanana mno na habari za Musa, na ya kwamba wamisionari walikuwa wamekwisha kukaa Meru tangu mwanzo wa karne ya 20, kabla masimulizi mengi hayajaandikwa. Wako wajibuo kwamba bahari ya Lamu hupwa na kujaa, na mtu ajuaye saa ya maji kupwa aweza kuvuka mahali ambapo adui atazama. Mimi nakuachia neno hilo ulipime.

Hapa pana mtego mmoja, nami nakuonya kwa sababu wengi wameuingia. Utasikia watu wakisema kwamba Wameru walitoka Meroe, kwa kuwa majina yafanana. Ni wazo la kupendeza, maana nani asiyetaka kuwa mjukuu wa malkia aliyemkata kaisari kichwa cha shaba? Lakini kumbuka pua ya Karl Mauch. Yeye naye aliona kitu kinafanana na kitu, akaacha kuuliza. Kimeru ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kikuyu, Kiembu na Kikamba; lugha ya Meroe, kwa kadiri ijulikanavyo, si ya Kibantu. Majina mawili kufanana si ushahidi, kama vile watu wawili wenye jina la Kirimi hawawi ndugu kwa sababu ya jina. Tukiwalaumu wageni kwa kuwapa Wafoinike kazi ya Washona, nasi tusijitwalie kazi ya watu wa Kush. Wao wana haki yao kwa piramidi zao, nasi tunayo Mbwaa yetu.

Swali la pili: nani amepewa akili? Hapa ndipo hadithi ya Mbwaa ipitapo nyingine kwa mbali. Katika hadithi hii mabwana wana nguvu, lakini watumwa ndio wenye fikira. Kila mtihani unashindwa kwa shauri la wazee. Watu hawaokolewi na mgeni aliyekuja na miwani na bunduki. Waokolewa na ngozi ya ng'ombe, na maji ya kuelesha tunda, na uamuzi wa kuondoka kabla ya jua. Swali la tatu: nani afaidika? Bila shaka hadithi hii huwafaidia wenyewe, maana huwaambia Njiru, Ntune na Njeru kwamba maji waliyovuka ni yale yale, ijapokuwa saa ni mbalimbali. Hilo ni jema. Walakini hata jambo jema halifanyi udongo uwe nguzo.

Pengine utasema: Nitaipataje hadithi ya Mbwaa kwa ukamilifu, na nani ataiandika? Nikupe habari za mtu mmoja. Katika kisiwa cha Ukerewe, ziwani Victoria, aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliona desturi za Wakerewe wa zamani zikisahauliwa, akatunga kwa Kikerewe hadithi ndefu juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, waliokosa mtoto na wasikubali kuachana. Ndani yake mna kilimo na uvuvi, pombe na dawa, harusi na matanga, na hata namna ya kumsalimu mkwe. Alimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja. Kitabu kilitoka Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, naye mtunzi alifariki mwaka 1981. Leo atakaye kujua jinsi Mkerewe alivyoishi kabla ya utawala wa wageni huanza kwa kitabu kile. Fikiri kama mzee yule angalisema mwaka 1945, nani atasoma?

Jambo hili latuhusu sana, maana wale waliosikia habari za Mbwaa kutoka kwa babu waliozaliwa kabla ya shule wanapungua kila mwaka. Vitabu vya Bernardi na Fadiman ni vyema, lakini viliandikwa kwa Kiingereza na watu waliokuja wakaenda. Hawakuwa na nyanya wa kuwasimulia jikoni viazi vikichemka. Wewe unaye, au jirani yako anaye.

Basi nakuomba ufanye hivi. Likizo ijayo, baada ya kazi ya shamba, mwendee mzee mmoja kwa heshima, ukae chini, umwombe akusimulie Mbwaa. Usimkatize wala usimsahihishe kwa yale uliyoyasoma, hata kama yeye asema shimo na kitabu chasema kisima. Andika jina lake kwa idhini yake, rika lake, kijiji chake, na tarehe. Kisha mwendee mwingine, wa ukoo wa rangi nyingine, ufanye vivyo hivyo. Wakihitilafiana, andika maneno ya wote wawili bandi kwa bandi, usiyapatanishe. Kwa maana mahali wanapohitilafiana ndipo mwanahistoria wa kesho atakapochimba. Hizo zitakuwa nguzo zako. Ukiisha kuzisimamisha, na kama Mungu amekupa kipawa, chukua udongo ukandike: tuambie usiku ule ulikuwa na baridi kiasi gani, na mtoto gani alilia katikati ya maji, na mama yake akamnyamazisha kwa neno gani.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Wazee wa Mbwaa walivuka maji ili wasiwe watumwa, wakabeba hadithi yao mpaka Nyambene bila ya kalamu wala karatasi. Wewe unazo zote mbili, na taa ingali inawaka.